Ndege Niliowauza Kabla ya Kuwaona

Simu ilinikuta nasafisha brashi kwa thina, saa ambayo sipendi kusumbuliwa kwa kuwa mikono yote inakuwa rangi. "Shikamoo, mwalimu." Alikuwa kijana mchoraji ambaye tunafahamiana kwa kupungiana mikono barabarani, basi. Yeye na wenzake watano wamepata ukumbi, wanataka kufanya maonyesho ya pamoja, mada ni ndege wa asili na mazingira yao, na wangefurahi mkubwa mmoja akiwawekea walau picha mbili. Nikamwuliza yeye atachora nini. Akasema kulukulu. Nikamwuliza amemwona wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa uaminifu: "Kwenye simu, mwalimu. Picha zipo nyingi."

Kicheko kilifika kooni kikakwama. Nilikumbuka ndege wangu wa mwanzo, mamia kwa mamia, ambao mimi sikuwaona hata kwenye simu. Nikamwambia nitampigia keshokutwa, na siku hizo mbili sikufanya kazi ya maana. Nilikaa nakumbuka.

Nilifika Dar es Salaam kutoka Tunduru mwaka 1993, nina miaka 17, nikapokewa na mjomba aliyekuwa akichora Oysterbay, jirani na Morogoro Stores. Sisi watu wa Tunduru tulikuwa wengi pale, na sababu inajulikana. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alizaliwa kwetu mwaka 1932, akaenda Tanga kutafuta riziki kwenye mkonge, akaishia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya silingibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Miaka minne tu ndiyo aliyoipata. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Ndugu na wanafunzi aliowaacha waliendelea kuchora, nao wakawafundisha wapwa na binamu zao, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mimi ni mmoja wa hao wapwa wa wapwa.

Mjomba hakunifundisha ndege. Alinifundisha tumbo, shingo na mkia. Kwanza unapiga rangi ya chini, bluu inayofifia hadi nyeupe, au njano inayozama kwenye nyekundu. Unaacha ikauke huku ukiomba Mungu vumbi la barabarani lisitue juu yake. Kisha unachora tawi, juu ya tawi ndege wawili wanaotazamana, na mwisho nukta: nyeupe shingoni, njano mkiani, nukta hadi mkono ufe ganzi. Nilipozoea nilikuwa namaliza ndogo sita kwa siku. Ndege gani? Swali hilo halikuulizwa. Walikuwa "ndege". Wenye mikia mirefu walikuwa "tausi", na hapo kuna kichekesho ambacho nilikigundua baada ya miaka: ndege tuliyemchora kuliko wote, aliyelipa kodi za nyumba nyingi za Msasani, kwao ni Bara Hindi. Tausi wa Ikulu tuliwajua kwa kusikia. Ndege waliotuimbia juu ya mwembe wa karakana hatukuwajua kabisa.

Siku moja alikuja mteja, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, akainua picha yangu akaisogeza karibu na miwani. Nikajua hapo biashara ipo. Akaniuliza kwa Kiswahili cha polepole: "Huyu anashikaje tawi?" Sikumwelewa. Akaweka kidole kwenye mguu wa ndege. Nilikuwa nimechora vidole vitatu, vyote vinaelekea mbele, vimelala juu ya tawi kama uma juu ya sahani. Akakunja mkono wake, vidole vitatu huku na gumba kule, akashika ukingo wa meza. "Hivi," akasema. "Bila hiki anaanguka." Akainunua hata hivyo, tena bila kupunguziwa bei.

Jioni ile nilimsimulia mjomba, naye akacheka sana. "Wangapi wameanguka tangu tuanze?" akauliza. Hoja yake ilikuwa na uzito. Watu hawakununua picha zetu ili wajifunze miguu ya ndege, na mpaka leo sikubaliani na wanaosema Tingatinga ni makosa kwa sababu chui wake ana macho ya paka wa katuni. Ule ni mtindo, una sheria zake. Ila mimi niliona aibu nyingine. Nilikuwa nimekula, nimevaa na kupanga chumba kwa jasho la viumbe ambao sikuwa nimewahi kuwatazama hata dakika mbili. Kuanzia kesho yake nikaongeza kidole cha nyuma. Hakuna aliyegundua.

Miaka ikapita hivyo, kumi na zaidi. Nilioa, nikajitegemea, nikawa na wanafunzi wawili ambao nao niliwafundisha tumbo, shingo na mkia.

Mwaka 2006 mwenye ukumbi mmoja mjini akaniita. Alikuwa na wazo la maonyesho ya watu watatu kuhusu ndege wa hapa nchini: mimi kwa rangi, Mmakonde mmoja mchonga mpingo, na bi mkubwa mmoja kutoka Pemba, msusi wa mikeka. Alitupa miezi mitano na nauli ya kwenda popote tutakapo. Nauli ya kwenda wapi? Mimi na mchongaji tuliangaliana. Ndege tulikuwa nao tayari, kichwani. Bi mkubwa alituona jinsi tulivyo. "Kwetu ndege wako mlangoni," akasema. "Ninyi nendeni mkawatafute wenu." Akarudi Pemba na fungu lake la ukindu.

Tulichagua Amani, kwa sababu mchongaji alikuwa na shemeji Muheza. Hiyo ndiyo sababu yote. Sikujua kuwa misitu ya Usambara Mashariki ni miongoni mwa sehemu zenye viumbe wasiopatikana kwingine kwa wingi wa kushangaza, wala kwamba Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902, wala kwamba msitu ule ulikuwa umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Nilijua kuna baridi na chai. Tulipanda Novemba, mvua za vuli zikituosha tangu Muheza, gari linapiga kona na kukoroma, abiria wa viti vya nyuma wakishuka mara mbili kusukuma.

Mwongozaji tuliyepewa alikuwa mtu wa kijiji cha pale, mkimya, na daftari lililochakaa kwenye mfuko wa shati. Siku ya kwanza tulitembea saa tano. Niliona majani. Kila baada ya hatua chache mwongozaji alisimama, akainua kidole, akataja jina. Mimi nikainua kichwa, nikaona majani. Mchongaji hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu kwa vile alikuwa akivuta sigara na kila alipokohoa mwongozaji alifumba macho kama mtu anayekanyagwa mguu. Jioni nililala na hasira. Nilifikiri kijana wa mjini anayejua kuchora ndege mia angewatambua wakijitokeza, kama unavyotambua jamaa stendi. Kumbe sikuwa na pa kuanzia. Jicho langu lilikuwa limezoea ndege anayekaa katikati ya picha, ametulia, amegeuza ubavu.

Siku ya pili, saa nne hivi, tukamwona kulukulu. Wengine humwita shorobo. Alikuwa juu ya mti, anakimbia kwenye tawi kama kuku anayewahi mtama, kijani kwa sehemu kubwa, na alama nyeupe karibu na jicho. Nikasema moyoni, huyu ni rahisi: kijani, nukta mbili, nimemaliza. Kisha akaruka. Mabawa yalipofunguka, ndani yake kulikuwa na wekundu ambao sikuutegemea hata kidogo, wekundu wa kitambaa kipya, ukawaka mara tatu au nne kati ya miti, ukazimika alipotua. Alikuwa kijani tena. Nilibaki nimekaa kwenye gogo lenye maji. Mchongaji akaniuliza kama ninaumwa.

Nimejaribu wekundu ule maisha yangu yote yaliyofuata. Baadaye nilisoma kwamba rangi nyekundu ya ndege hawa ina madini ya shaba ndani yake, rangi ya kweli kabisa iliyomo kwenye unyoya, tofauti na mng'ao wa ndege aitwaye chozi, ambao hutokana na mwanga unavyochezwa na manyoya. Sishangai kwamba makopo ya dukani hayaufikii. Lakini kilichonikera zaidi ni kingine. Katika miaka yangu 13 ya kuchora nilikuwa sijawahi kuchora ndege akiruka. Wote waliketi. Mteja anapenda ndege aliyeketi, na mjomba alinifundisha aliyeketi, kwa hiyo hata kama ningechora kulukulu elfu wasingekuwa na wekundu ule wa mabawa, na watu wangetazama wakasema ndiye.

Mchongaji alipata wake alasiri hiyo hiyo. Hondohondo ndio wenye kelele kuliko wote pale, na mabawa yao yakipita juu yako unasikia kama mtu anapepeta mchele kwa ungo mkubwa. Mwongozaji akatupeleka kwenye mti mnene, akatuonyesha juu kabisa doa la udongo lenye ufa mwembamba. Akatueleza kuwa humo ndani mna jike. Anaingia kwenye pango la mti, mlango unazibwa kwa udongo hadi unabaki ufa wa kupitisha mdomo, naye anakaa humo na mayai, kisha na vifaranga, analishwa na dume kupitia ufa huo kwa miezi. Tulikaa chini tukingoja. Dume akaja, akajishikiza kwenye gome, akaanza kutapika tunda moja moja na kuliingiza. Kwenye ufa ikaonekana ncha ya mdomo, ikapokea, ikatoweka. Mchongaji, mtu ambaye tangu Dar es Salaam hakuwa ameacha kuzungumza, hakusema neno hadi tulipofika nyumba ya wageni. Akaniuliza: "Akifa huyu baba, humo ndani inakuwaje?" Tukamwuliza mwongozaji kesho yake. Akatazama pembeni.

Usiku ule tulisikia bundi. Kuna bundi mkubwa wa Usambara, ambaye jina lake la kitaalamu linamtaja Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi Amani zamani za ukoloni wao. Sauti yake ni nzito, inatoka chini kama gari linalowashwa mbali. Mchongaji alivuta blanketi mpaka usoni. Mwongozaji akanigongea dirisha, ana tochi, ananiuliza kama nataka kwenda. Niseme ukweli, sikutaka. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, na bibi yangu alikuwa akimfukuza kwa kijinga cha moto. Nilikwenda kwa sababu ya aibu, mtu aliyetumwa na ukumbi kuja kutazama ndege atakataaje? Tulitembea robo saa. Tochi ikapanda, ikapita kwenye majani, na hapo juu yakaonekana macho mawili. Hakukuwa na kingine, macho tu yanayowaka, yametuelekea. Kisha hayakuwepo. Sikusikia bawa.

Siku ya mwisho mwongozaji alitaka kutuonyesha ndege ambaye, alisema, wageni wanapanda ndege mbili na gari tatu kuja kumtafuta. Tulijibanza mahali mti mkubwa ulipoanguka zamani na mizabibu ya msituni ikafumana kama nyavu zilizotupwa. Mbu walitula. Mwongozaji akainua kidole: sauti. Baada ya muda mrefu kikapita kiumbe kidogo, kijivu, kama shomoro aliyekonda, mdomo mrefu mwembamba, mkia umeinuka. Sekunde nne. "Huyo," akanong'ona, na nikaona mkono wake unatetemeka ingawa bila shaka alikuwa amemwona mara nyingi. Ni ndege mshoni mwenye mdomo mrefu. Duniani kote anajulikana sehemu mbili tu, milima ile ya Usambara Mashariki na uwanda mmoja wa juu kaskazini mwa Msumbiji.

Nilijisikia kudanganywa. Kijivu? Tumepigwa mvua siku nne kwa ajili ya kijivu? Nilifanya hesabu ya haraka ya mchuuzi: huyu hauziki. Na hesabu ile ilikuwa sahihi, kama nitakavyoeleza. Ila nilipomwangalia mwongozaji akiandika tarehe na saa kwenye daftari lake nilianza kuona kwamba soko langu lilikuwa limeniteulia ndege wa kutazama na wa kutotazama, na mimi nikadhani ni macho yangu.

Niongeze jambo hapa ambalo sikulijua wakati ule. Ndege huyo alipewa jina la kitaalamu mwaka 1931, kwa heshima ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani tangu 1928 hadi 1946. Moreau ana chozi pia katika milima yetu, na mkewe Winifred ana ndege wake Uluguru. Mtu aliyekuwa akiingia msituni kwa niaba yao, akisikiliza, akikamata na kuleta, aliitwa Salimu Asmani. Jina hilo nilikutana nalo kwa bahati miaka mingi baadaye, nikisoma habari za Amani. Nikalikumbuka lile daftari lililochakaa, na nikaona haya kwamba mwenye daftari sikumwuliza hata mara moja anafanya nini na maandishi yake.

Tulirudi Dar es Salaam, kila mmoja akajifungia. Mchongaji alinunua gogo moja tu la mpingo, akakataa kulimenya. Wachongaji huondoa ile mbao nyeupe ya nje ili wafikie weusi wa ndani unaolipwa. Yeye aliiacha, akachonga gome juu yake, akatoboa ufa hadi kwenye weusi, na ndani ya ufa akatokeza ncha ya mdomo. Kazi ikaisha. Nilipoiona nilimwambia umechanganyikiwa, watu watauliza ndege yuko wapi. Akasema, "Waulize."

Mimi nilichora kumi. Nane zilikuwa za mtindo wangu, za kula. Ya tisa ilikuwa ndege mshoni, na hapo ndipo nilipojua kwamba kijivu ni rangi ngumu kuliko zote kwa mtu aliyelelewa na makopo ya nyekundu na njano. Nilichanganya nyeusi na nyeupe ikatoka saruji. Nikatia bluu ikatoka bati. Wiki nzima, kwa ndege wa sekunde nne. Ya kumi ilikuwa bundi. Kwa kuwa nilikuwa nimeona macho tu, nilichora usiku, majani meusi juu ya meusi, na macho mawili. Mke wangu aliigeuza ikatazama ukuta.

Bi mkubwa alifika siku moja kabla ya ufunguzi na mikeka minne. Alizunguka ukumbi taratibu, mikono nyuma, akasimama mbele ya ninga wangu, yule njiwa wa kijani. Nilimchora makusudi kumfurahisha, kwani Pemba wana ninga wao ambaye hapatikani kwingine popote. Pemba ina ndege wanne wa namna hiyo, wake mwenyewe: ninga, chozi, bundi mdogo, na mmoja mwingine mdogo wa rangi ya njano mwenye duara jeupe machoni. Akatazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "huyu si wetu." Nikamwambia bi mkubwa, ni ninga. "Ninga wa huku. Wetu ana kijivu kifuani." Akakunjua mkeka wake wa kwanza. Alikuwa ametia chane katika rangi nyeusi iliyokwisha nguvu hadi zikatoka kijivu cha moshi, na kijivu hicho kilishika katikati ya mkeka, kijani kikianzia pembeni. Hakukuwa na kichwa wala mguu. Nilipokwenda Pemba baadaye na kumwona ninga juu ya mkarafuu, niliona mkeka.

Nilimwuliza mbona hakusuka bundi wa kwao. Akajibu kwa haraka, "Bundi simsuki," kisha akacheka kidogo. "Nikimlalia je?"

Ufunguzi wenyewe ulikuwa kama funguzi nyingine, soda, hotuba, watu wanaosimama mgongo kwa picha. Mambo mawili yalinibaki. La kwanza ni vibandiko. Mwenye ukumbi alikuwa amevichapa usiku, kila kazi na jina la ndege kwa Kiingereza na kwa Kilatini. Kulukulu akawa ndege wa Fischer, msafiri Mjerumani wa karne ya 19. Hakuna kibandiko hata kimoja kilichosema kulukulu, ninga wala hondohondo. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima aliyetoka milima ya Tanga, aliingia watu walipopungua, akapita kibandiko baada ya kibandiko bila kusimama. Alipofika kwenye gogo akainama, akachungulia ufa, akasema kwa sauti ya kumwita mtu anayemfahamu: "Hondohondo! Mama yumo!" Alikuwa mtu wa kwanza siku ile aliyeuona mchongo bila kuelezwa. Profesa mmoja alikuwa ameuliza kama kazi bado haijaisha.

La pili ni mtoto, darasa la tatu au la nne, aliyeletwa pamoja na wenzake na mwalimu wao. Alizunguka picha zangu zote kumi, akaja kwangu: "Kunguru yuko wapi?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kwamba maonyesho ni ya ndege wa asili, na kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, wakavuka, wakazaana, na sasa wanakula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walijipa mji. Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho. "Lakini mimi namwona yeye tu," akasema.

Sikuwa na jibu, na sina hakika kama ninalo leo. Tangu hapo nimesikia kampeni za kuwapunguza kunguru hao, huku na Zanzibar, na Kenya nayo ilitangaza yake mwaka 2024. Sizipingi. Lakini kila nikisikia habari hiyo namkumbuka mtoto yule, kwa sababu kaunti na halmashauri zinaweza kuondoa kunguru na bado mtoto asimwone chozi, kama miti anayoitaka chozi imekatwa na kama nyumbani hakuna anayejua kumwita. Sisi watatu tulitundika ukutani ndege kumi na kitu ambao yeye hakuwa na mahali pa kuwakuta, tukamwacha nje yule mmoja anayemjua kwa jina. Tungemweka kunguru. Tungemweka pembeni, na habari yake yote, halafu tungemwonyesha mtoto mwembe wa nje ya ukumbi, ambao siku ile ulikuwa na tetere wawili.

Mauzo: picha zangu nane ziliondoka zote. Mikeka ilinunuliwa siku ya kwanza. Gogo lilichukuliwa na daktari mmoja ambaye alirudi mara tatu kulitazama kabla ya kufungua pochi. Mwenye ukumbi alikata zaidi ya tulivyopatana, tukagombana, tukasameheana, na bi mkubwa akasema fedha ya ugomvi haijengi akapanda boti. Ndege mshoni alikaa kwangu miaka miwili, nikampelekea mwongozaji kule Amani. Niliambiwa amemtundika sebuleni juu ya redio.

Mjomba alifariki bila kukubaliana nami kuhusu kidole cha nyuma.

Keshokutwa ilipofika nilimpigia kijana. Nilimwambia nitaweka picha mbili na sitaki malipo, ila nina masharti. Vibandiko viandikwe Kiswahili kwanza, na kama kuna jina la Kisambaa, Kipogoro, Kigiriama au la lugha yoyote ya mahali ndege anapoishi, liwe juu kuliko la Kilatini. Kila picha iseme mchoraji alimwona wapi na lini, na ambaye hajaona aandike hivyo, "sijamwona", si dhambi. Kunguru awepo. Na kabla hajagusa brashi, apande basi la Muheza. Akaniuliza nauli atapata wapi. Nikamwambia aje achukue.

Akaniuliza na mimi nitaleta zipi. Moja itakuwa kulukulu akiruka, jaribio langu la 14 la wekundu ule. Nyingine ni bundi wa mwaka 2006, ambaye bado yuko chumbani kwangu akitazama ukuta. Anayemtaka aje ukumbini. Bei ni ile ile ya siku ya kwanza.